Waliufunga Mugumo kwa Chuma

Kabla reli haijafika nyanda za juu za Kenya, kulikuwa na mwonaji wa Kigikuyu aitwaye Mugo wa Kibiru, ambaye wengine humwita Chege. Alisema watakuja wageni wenye ngozi ya vyura wadogo, nguo zao zikipepea mithili ya mbawa za kipepeo, mikononi wameshika fimbo zinazotema moto. Akasema litakuja pia joka la chuma litoalo moshi, litambae kutoka maji ya mashariki hadi maji ya magharibi. Aliwaonya watu wake wasiwakabili wageni hao kwa mikuki, maana wangeangamia. Jomo Kenyatta aliuandika utabiri huo katika kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichotoka 1938, lakini ulikuwa umesimuliwa kando ya moto wa jioni miaka mingi kabla ya hapo.

Thika wana kipande chao cha utabiri huo. Wazee husimulia kwamba Mugo alitaja mugumo mmoja mkubwa wa huko, akasema siku utakapoanguka, utawala wa wageni nao utakuwa umekwisha. Maneno hayo yalipita kijiji hadi kijiji, mwisho yakawafikia watawala wenyewe. Serikali ya kikoloni, ambayo mashuleni na makanisani ilikuwa inafundisha kwamba imani za Wagikuyu ni ushirikina, ikaona heri iuzuie mti usianguke. Basi shina likazungushiwa chuma, likakazwa.

Kisa hiki hutajwa kila mwaka Desemba inapokaribia, na kwa kawaida huishia pale mti ulipoanguka. Mimi nataka nikisimulie hadi leo, kwa sababu wanaohitaji kuonywa nacho sasa hivi ni sisi tunaoishi kati ya Ruiru na Thika, tunaonunua ploti na kumwaga zege kila wiki.

Ili kuelewa kosa la kile chuma, lazima mtu aujue mugumo wenyewe. Ni mti wa jamii ya mikuyu, na mara nyingi hauanzi maisha yake ardhini. Ndege, pengine ninga au hondohondo, hula tini zake kisha huacha mbegu kwenye panda ya mti mwingine, juu kabisa. Mbegu huota huko huko juu, ikijilisha umande na majani yaliyooza kwenye ile panda. Mizizi myembamba hushuka taratibu ikishikilia shina la mwenyeji, na ikishagusa udongo hunenepa, husokotana, huungana, mpaka mti wa kwanza umefunikwa wote. Miaka ikipita, mwenyeji hufa na kuoza ndani kwa ndani. Mugumo hubaki umesimama kwa mizizi yake mwenyewe, na katikati mwake huachwa uwazi ambao mtoto anaweza kuingia akajificha. Ndiyo maana mugumo mkongwe huendelea kushusha mizizi mipya kutoka matawini. Kila mzizi unaofika chini ni mguu mwingine wa kusimamia.

Sasa fikiria mti wa namna hiyo umefungwa ukanda wa chuma kiunoni. Chakula cha mti hupita chini kidogo tu ya gamba. Shina hunenepa mwaka hadi mwaka, chuma hakinenepi. Mahali ukanda ulipobana, gamba huminywa na njia ya chakula hubanwa nalo. Anayetaka kweli kuutunza mti mzee huwekea matawi yake mazito nguzo za chini, huacha mizizi inayoning'inia ifike ardhini, na huzuia watu na magari yasikanyage udongo ulio juu ya mizizi ukashikamana na kukosa hewa. Lakini waliofunga chuma hawakuwa wanautunza mti. Walikuwa wanaulinda utawala wao, na mti ulikuwa kizuizi tu kilichosimama katikati.

Kuna jambo jingine ambalo hawakulijua, au walilijua wakalidharau. Wagikuyu hawakuuabudu mugumo. Waliomba chini yake, wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, wakimwomba Ngai, Mungu wao, mvua au wakimwomba aondoe maradhi, na sadaka yao ilikuwa kondoo wa rangi moja asiye na baka. Si kila mtu aliyeruhusiwa kuisimamia sadaka hiyo. Ilikuwa kazi ya wazee waliopanda hadi daraja la kuisimamia. Mti uliotengwa kwa ibada haukukatwa tawi, wala kuni zake hazikuokotwa. Na ulipoanguka wenyewe, halikuwa jambo la kupita hivi hivi: wazee walikutana, sadaka ikatolewa, watu wakauliza ni nini kinachobadilika. Wagikuyu hao hao walikuwa na desturi ya ituika, ambapo kizazi kilichotawala kilikabidhi uongozi kwa kizazi kinachofuata, kikakaa kando. Kwa hiyo mtu aliyelelewa katika mila hiyo alijua mambo mawili: kwamba mugumo siku moja huanguka, na kwamba hakuna utawala unaokaa milele. Ninavyoona mimi, Mugo alikuwa anasema lugha ambayo kila mzee wa wakati wake aliielewa mara moja. Aliyekosa kuielewa alileta chuma.

Mwaka 1963 mti ulianguka. Inasimuliwa kwamba ulipigwa na radi. Tarehe 12 Desemba mwaka huo huo bendera ya Uingereza ikateremshwa.

Hapo ndipo masimulizi mengi hufungwa kwa shangwe, na shangwe ilistahili. Ila jiulize: baada ya mti kuanguka, ni nani aliyekabidhiwa mahali pale? Wazee waliozijua sadaka walikuwa wamezeeka, na miaka ya hali ya hatari kuanzia 1952 ilikuwa imewatawanya watu wa Mlima Kenya kwenye kambi za kizuizini na vijiji vya kulazimishwa. Thika ilikuwa inakua kuwa mji wa viwanda. Jina limebaki: iko Bustani ya Mugumo mjini, na watu huenda kupumzika kivulini. Lakini jina bila msimulizi hubaki jina tu. Kaa pale Jumamosi alasiri usikilize. Vijana wanapiga picha, watoto wanakimbizana, muuza njugu anapita. Mara chache kijana humsogelea mzee aliyekaa peke yake na kumwuliza:

“Guka, huo mugumo wenyewe ni upi?”

“Ulianguka kabla mama yako hajazaliwa. Keti kwanza.”

Yule anayeketi huondoka na kitu. Wengi hawaulizi, na siku huyo guka asipokuwepo, hakuna wa kuulizwa. Nalitaja hili kwa uchungu kwa sababu kulizuia hakuhitaji fedha nyingi. Mwalimu mmoja wa historia aliyepewa nafasi, wazee watatu wanaolipwa nauli na chai, na zamu yao ikibandikwa langoni, wangetosha kupafanya pale pawe darasa kila wikendi.

Kuna hifadhi iliyofanyika karibu na Thika, tena nzuri, nayo inafaa kuangaliwa kando ya bustani hii. Ukitoka mjini kwa barabara ya Garissa utauona mlima Kilimambogo umesimama peke yake, mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Wamasai huuita Ol Donyo Sabuk, mlima mkubwa. Ni hifadhi ya taifa tangu 1967, na kwa sababu ya nyati walioupa jina la Kiswahili, hupandi kwa miguu bila askari wa wanyamapori. Njiani kuelekea kileleni kuna makaburi ya William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyemiliki mashamba makubwa pande hizo na kumkaribisha Theodore Roosevelt mwaka 1909 katika shamba lake la Juja. McMillan alifariki 1925. Mkewe Lucie, aliyefariki 1957, amezikwa hapo hapo, na mtumishi wao Louise Decker pia. Makaburi yana kibao, yanafagiwa, na ramani za watalii huyaonyesha.

Sina ugomvi na kaburi la mtu. Lakini mwanafunzi wa Thika anaweza kuonyeshwa alipozikwa mwenye shamba, akatajiwa na mtumishi wake kwa jina, asiweze kuonyeshwa hata mahali pamoja ambapo watu waliokuwa kwenye ardhi hiyo kabla ya shamba walisimama kuomba mvua. Mahali hapo palikuwepo. Hapakuandikwa, kwa hiyo hapana kibao cha kufagia.

Chini ya mlima huo huo kuna Fourteen Falls, maporomoko ya mto Athi, ambako mabasi ya shule na vikundi vya makanisa hufika kwa wingi. Maji ya mto Nairobi huingia Athi kabla ya hapo, na mto Ruiru nao huishia huko huko. Kwa hiyo povu jeupe unaloliona chini ya maporomoko halitokani na nguvu ya maji peke yake, na chupa za plastiki zilizokwama kwenye miamba, nyingine zimetoka kwenye mitaro yetu ya Ruiru. Mgeni anayefika na soda na kuiacha chupa pale anaongeza tu juu ya ile iliyokwisha kumtangulia kwa njia ya mto.

Ukirudi Thika, vuka mto Chania uingie Murang'a, uende mpaka Mukurwe wa Nyagathanga, mahali ambapo Wagikuyu husema Ngai aliwaweka Gikuyu na Mumbi, wazazi wao wa kwanza. Hapo funzo la chuma lilirudiwa kwa saruji, tena mikononi mwetu wenyewe baada ya uhuru. Ilionekana kwamba mahali patakatifu namna hiyo pangeleta watalii, na watalii wanahitaji pa kulala. Ujenzi wa hoteli ukaanza. Ukakwama. Kwa miongo kadhaa kuta zisizokamilika zimekuwa jirani wa mahali pa asili ya taifa zima, zikiota kuvu na vichaka. Nia haikuwa mbaya. Waliopanga walitaka wenyeji wapate kipato. Walichokosa ni mpangilio. Hoteli ilitangulia kabla ya kuulizwa nani ana haki ya kuingia, nani asimame wapi, sadaka zifanyike siku gani na mgeni awe wapi siku hiyo, na shilingi ya kiingilio iende mfuko gani. Maswali hayo hayagharimu hata mfuko mmoja wa saruji, na yangeulizwa kwanza, pengine jibu lingekuwa kwamba hoteli ikae mjini.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Katika bonde la Bamiyan, milimani Afghanistan, wafuasi wa Budha walichonga kwenye mwamba sanamu mbili zilizosimama, moja ya mita 55 na nyingine ya mita 38, yapata karne ya 6. Wakazi wa bonde hilo baadaye wakawa Waislamu. Sanamu hazikuwa tena za dini yao, lakini walizifanya za masimulizi yao: mmoja wakamwita Salsal na mwenzake Shahmama, wapenzi wawili waliogeuka jiwe. Zikakaa hivyo karne baada ya karne zikiwa na majirani waliozijua kwa jina. Machi 2001 watawala wa Taliban wakazilipua, na dunia ikalia. UNESCO iliingiza bonde hilo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2003, wakati sanamu zenyewe zilikuwa mashimo matupu ukutani.

Katika nchi hiyo hiyo, mkoani Logar, kuna Mes Aynak, magofu ya mji na nyumba za watawa wa Kibudha yaliyolala juu ya moja ya hazina kubwa za shaba duniani. Mwaka 2008 kampuni ya Kichina ilipata mkataba wa kuchimba shaba hiyo kwa miaka 30. Vita na mizozo vikachelewesha mgodi mwaka baada ya mwaka, na wataalamu wa mambo ya kale wakatumia ucheleweshaji huo kufukua walichoweza, wakiwa na vibarua wa vijiji vya karibu. Nataja Mes Aynak kwa sababu ya Ndarugo. Kila anayejenga Ruiru, Juja au Thika anajua mawe ya Ndarugo, yale yanayokatwa kwa mashine yakatoka na pembe zilizonyooka. Machimbo yetu hayana watawa wala sanamu za dhahabu, lakini swali ni lile lile: kabla ya mashine kuanza kukata, ni nani aliyepita akaangalia kilichopo juu na chini? Sheria ya Makavazi na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa. Dereva wa tingatinga hawezi kutoa taarifa ya kitu ambacho hakuna aliyewahi kumfundisha kukitambua.

Kuna mwenye kusema miti na miamba ya wazee ni mambo ya dini iliyopita, sisi sasa ni Wakristo na Waislamu, tuwaachie wenyewe. Huyo nampa kisa cha Wangari Maathai. Amekieleza katika kitabu chake Unbowed cha mwaka 2006. Alipokuwa mtoto kijijini Ihithe, Nyeri, mama yake alimkataza kuokota kuni kwenye mugumo mmoja, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na mti huo kulikuwa na chemchemi, na kijito chake kilikuwa na mayai ya chura ambayo msichana huyo alijaribu kuyachota akidhani ni shanga. Alipokuwa ameshasoma na kurudi kutoka Marekani, alikuta mwenye shamba mpya ameukata mugumo, kwa kuwa ulichukua nafasi kubwa, akapanda chai. Chemchemi ilikuwa imekauka. Profesa Maathai, ambaye alisomea elimu ya viumbe na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, hakuona hapo laana. Aliona mizizi mirefu iliyopenya miamba mpaka kwenye maji ya chini, ikayapa njia ya kupanda, na iliyoshika udongo wa mteremko usiporomoke. Miiko ya wazee ilikuwa imehifadhi chanzo cha maji bila kamati wala uzio. Mwiko ulipoondolewa, hakuna kilichowekwa mahali pake.

Kwa hiyo anayetaka kujua uhifadhi unaofaa unafananaje, aende Kwale, kilomita chache kutoka hoteli za Diani, akaone Kaya Kinondo. Ni msitu wa Wadigo, mmoja wa misitu mitakatifu, yaani kaya, ya Wamijikenda wa pwani iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni haingii kama aingiavyo kwenye bustani. Hufungwa kwanza shuka nyeusi kiunoni. Huambiwa hapa hakuna kubusiana, hakuna kuokota jani wala jiwe, hakuna kuacha kitu. Anayemwongoza ni mtu wa pale pale, anayeijua miti kwa majina na dawa zake, na zipo sehemu ambazo mgeni hafiki hata akilipa vipi. Kiingilio anacholipa hurudi kwa wenyeji. Si kwamba kaya haziguswi na taabu. Zimevamiwa na wakataji miti na wenye kunyakua ardhi, na mwaka 2009 UNESCO iliziingiza mila za kaya kwenye orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wazee wanapungua na vijana wanahama. Lakini mpangilio wake ni sahihi. Mwiko umetangulia, mgeni amefuata, fedha zimekuja mwisho.

Na Mijikenda hao hao wanajua kinachotokea mgeni akija bila mwiko. Vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka waliofariki, vilianza kutoweka makwao wafanyabiashara wa sanaa walipogundua kwamba Wamarekani wanavinunua. Mwaka 1985 mtaalamu wa mila Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Ile picha ndiyo iliyosaidia miaka mingi baadaye kuvitambua katika makumbusho ya vyuo viwili vya Marekani, na vikarudishwa nyumbani, kimoja baada ya kingine, 2006 na 2007. Bila picha, hakuna ambaye angethibitisha ni vya nani.

Picha hiyo ndiyo inayonirudisha Ruiru. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Ile ya 2019 ikahesabu 490,120, na kuufanya mji wa nne kwa ukubwa nchini, mbele ya Eldoret na Kisumu. Mashamba ya kahawa yaliyoanza mwanzoni mwa karne iliyopita, na kituo cha utafiti kilichotupatia aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985, sasa vimezungukwa na nyumba za ghorofa. Shamba likiuzwa, mpimaji huja na kukata ploti za futi 50 kwa 100, bikoni zinapigwa, barabara ya ndani inanyooshwa. Kwenye kingo za mito na katikati ya yale mashamba bado imo migumo ambayo hata mwenye shamba wa kizungu aliiacha, pengine kwa sababu vibarua walikataa kuikata. Ikiangukia ndani ya ploti ya mtu, mtu huyo amenunua ardhi kwa mkopo na hawezi kulaumiwa peke yake akiona mti umemmalizia robo ya kiwanja.

Ndiyo maana kazi lazima ifanyike kabla ya bikoni. Novemba 2020, Barabara ya Nairobi Expressway ilipokuwa inajengwa Westlands kwenye Waiyaki Way, mugumo mkongwe uliokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 100 uliwekwa kwenye orodha ya kung'olewa. Watetezi wa mazingira wakapiga kelele, Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri usiguswe, na barabara ikapita pembeni. Ulinusurika, nami nilifurahi, lakini mti uliohitaji amri ya rais ili kuishi una bahati tu ya kuwa mahali ambapo rais hupita. Migumo ya Githurai, Gatundu Road na Murera haina bahati hiyo.

Kinachoweza kufanywa Ruiru na Thika ni kidogo na kinajulikana. Shule zipeleke wanafunzi wa gredi ya saba au ya nane kwa wazee wa kata zao na daftari, kuuliza mti gani, mwamba gani, chemchemi gani ilikuwa na mwiko, na nani alisimamia. Picha ipigwe na mahali paandikwe kwa alama za GPS za simu, ambazo kila mtoto anajua kuzichukua. Orodha hiyo ipelekwe kaunti ya Kiambu na Makavazi ya Taifa, ili ofisi ya mipango ya ardhi inapoletewa ombi la kukata shamba, mpimaji akute mti umeshachorwa kwenye ramani, na njia ya ndani ya mtaa au uwanja wa watoto upangwe kuuzunguka. Mwenye kuuza shamba hapotezi: ekari ina nafasi ya uwanja mmoja, na sheria za mipango tayari zinataka ardhi ya umma itengwe.

Wazee wanaoweza kujibu maswali hayo leo walikuwa watoto mwaka ule mti wa Thika ulipoanguka. Wengi wamevuka miaka sabini. Mwalimu anayesoma hapa anaweza kuanza muhula huu, bila kusubiri barua kutoka kokote, na kata moja tu ikimalizika, ya pili itakuwa rahisi zaidi.